Landi ya mzee imeliwa na kutu: niifufue au niiuze?

SWALI

Hamjambo mafundi,

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, ya petroli. Iko nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kakamega, chini ya mwembe. Aliiegesha mwaka 2011 giaboksi ilipoanza kulia, na haijasogea tangu siku hiyo. Mimi nafanya kazi Nakuru, nyumbani nafika mwisho wa mwezi.

Ukiitazama kwa nje ni gari zuri. Rangi imefifia, lakini milango, bonati na ubavu wa nyuma havina kutu kabisa. Shida iko chini. Sakafu upande wa dereva imetoboka, nyasi naziona. Mlango wa dereva haufungi mpaka niuinue kwa mkono. Krosi ya nyuma, ule mhimili wa kukingama pale pa kufungia trela, ukiikwaruza kwa kucha inabanduka vipande. Kuku walikuwa wanalala ndani, nimewatoa juzi.

Kila niliyemwuliza ana lake. Fundi mmoja wa hapa Kakamega anasema gari ni zima maana bodi haijaliwa, niweke betri na petroli mpya niendeshe. Mchomeleaji kutoka Kisumu alichungulia chini, akasema atapiga viraka kote na kupaka lami kwa shilingi 85,000, siku nne kazi imekwisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu anatoa 60,000 taslimu, anabeba leo leo. Ndugu zangu wawili wanataka tuuze tugawane, mama hataki hata kusikia. Logbuku, ile hati ya umiliki, ipo, ila ina jina la mzee.

Sina haja na gari la maonyesho. Nataka la kubebea mbolea na mahindi, na la kumpeleka mama kanisani. Nitajuaje kama linafaa kufufuliwa kabla sijamwaga pesa?

Mrithi, Kakamega

JIBU

Ndugu Mrithi,

Pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Tuanze na huyo fundi wa Kakamega, maana kosa lake linawaponza wengi. Paneli za nje za Landi hizi ni aloi ya alumini. Kiwanda kiliichagua mwaka 1948 kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Alumini haioti kutu nyekundu, kwa hiyo bodi inaweza kung'aa huku gari likiwa limekwisha. Pitisha sumaku kwenye bodi ya gari uone: kwenye matao ya magurudumu ya mbele na bonati haitanata, ikinata ujue kuna mtu alibadilisha paneli. Utakachokiona kwenye alumini ni unga mweupe mahali inapogusana na chuma, kwenye ribiti na fremu za milango. Huo ni ulaji, lakini wa polepole, na si wa kukunyima usingizi.

Landi yenyewe ni vitu viwili. Kuna chesi, yaani fremu ya chuma iliyo chini inayobeba gari lote, na kuna ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ambao hapa tutauita ukuta wa mbele. Mengine yote yanafunguka kwa spana na yanabadilishwa. Ndiyo maana kinachoamua kama gari lako litafufuka ni mahali kutu ilipo, zaidi ya wingi wake. Shimo la kupitisha ngumi kwenye sakafu ya dereva si msiba. Shimo la kupitisha kidole juu ya ekseli ya nyuma linaweza kuwa ndio mwisho wa safari.

Chesi hii ni boksi: mabamba manne ya chuma cha takriban milimita 2, geji 14 kwa lugha ya mafundi, yaliyochomelewa kingo kwa kingo. Tope la muramu huingia ndani kupitia matundu ya kutolea maji, hukauka, huziba matundu hayohayo, na mvua inayofuata haina pa kutokea. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo chesi yako imekaa miaka mingi ikiwa na matope mabichi tumboni. Nyasi chini yake zimezuia upepo. Kinyesi cha kuku nacho kina chumvichumvi na hufyonza unyevu, kwa hiyo popote kilipolundikana chunguza mara mbili. Faraja ni moja: ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi ya bahari. Ila jaribu kujua mzee aliinunua wapi. Landi iliyofanya kazi Mombasa au Malindi kabla ya kuja magharibi huoza kutoka ndani hata kama nje imepakwa vizuri.

Mwisho wa mwezi ukifika nyumbani usiguse injini. Osha chini kwa mashine ya maji yenye presha, na ingiza bomba ndani ya chesi kupitia kila tundu mpaka maji yanayotoka yawe safi. Utashangaa udongo utakaotoka. Iache ikauke siku mbili tatu, kwa sababu tope bichi huficha shimo na huharibu mlio wa nyundo. Kisha inua gari, lakini jeki ikae chini ya ekseli, kamwe si chini ya chesi. Chesi iliyooza hupokea jeki na kuimeza, gari likakuangukia. Lilaze juu ya magogo ya mti mgumu yaliyokatwa bapa. Mawe ya ujenzi hupasuka bila kutoa taarifa.

Vifaa ni nyundo ndogo ya nusu kilo, bisibisi ya zamani yenye ncha, chaki, tochi na tepu ya kupimia. Gonga kila baada ya sentimita tano, chini, pembeni na hasa juu ya chesi, ule upande uliofunikwa na kitanda cha nyuma ambao mchomeleaji wa Kisumu hakuuona. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Kilicholiwa hutoa sauti butu na nyundo hubaki palepale. Hapo sukuma bisibisi kwa uzito wa bega. Ikizama, zungushia chaki. Isipozama lakini mlio una shaka, toboa kwa drili ya milimita 4, ingiza waya uliopindwa ncha na upime unene. Chini ya milimita 1.5 hesabu kwamba kipande hicho kinakatwa, kwa sababu moto wa kuchomelea utakitoboa.

Sasa soma alama zako za chaki. Krosi ya nyuma iliyooza, kama yako, ni jambo la kawaida mno kwa gari hili. Hukatwa yote na kuwekwa mpya. Ile mikono inayotoka ubavuni mwa chesi kubeba ukuta wa mbele, tangi na bodi, nayo huoza mapema na hubadilishwa mmoja mmoja. Fundi hodari wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, anaweza kuikunja kwa bamba la milimita 2 au 3 akiwa na mkono wa zamani wa kuigizia. Hayo yote ni pesa, lakini ni kazi inayojulikana.

Hofu inaanzia kwenye vishikio vya springi. Kila springi ina sehemu mbili za kushikia chesi, na hapo ndipo uzito wote wa gari unapopita. Kagua ncha mbili za mbele za chesi, kisha vishikio vya nyuma, kisha pale chesi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Kama mihimili miwili mirefu ni mizima kutoka mbele ya injini hadi vishikio vya nyuma, na mashimo yako yako kwenye mikono, krosi na sakafu, fufua gari bila kusita. Kama mhimili mmoja una shimo moja au mawili yasiyozidi sentimita 30, mbali na springi, inawezekana ukipata mchomeleaji wa kweli. Bisibisi ikizama kwenye vishikio vya pande zote mbili, au upande wa juu wa chesi ukiwa laini juu ya ekseli, chesi hiyo imekufa. Hapo unatafuta chesi nyingine au unauza spea. Usitegemee kuagiza Landi nyingine ya aina hiyo kutoka nje uichinje, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Ya kuchinja itabidi uitafute humu humu nchini.

Huo mlango wako usiofunga ni shahidi mzuri. Ufungue nusu, ushike mwisho wake na uuinue na kuushusha taratibu huku mwenzako akiangalia bawaba. Pini za bawaba zikicheza, ni gharama ndogo. Nguzo nzima inayobeba bawaba ikitikisika, mguu wa ukuta wa mbele umeoza pale unapofungwa kwa bolti ndefu kwenye mkono wa chesi. Kwa sakafu iliyotoboka kama yako, dau letu liko hapo. Lakini ikiwa hakuna kinachocheza, na mwanya wa mlango ni mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, chesi imelegea katikati.

Hakikisha kwa tepu. Nyoosha magurudumu, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto. Inchi 109 ni milimita 2,769, na pande mbili zikitofautiana zaidi ya sentimita moja kuna kitu kimepinda au springi imehama. Kisha ning'iniza timazi kwenye bolti za springi, mbele na nyuma, weka alama chini na upime msalaba. Tofauti ya zaidi ya milimita 6 au 7 kati ya mishazari miwili inataka maelezo.

Ukuta wa mbele unaliwa sehemu tatu: sakafu za miguu, miguu ya nguzo, na pembe za juu chini ya kioo. Sakafu ni bamba la geji 18, milimita 1.2, hukunjwa mtaani. Miguu ya nguzo ni kazi ya siku chache. Pembe za juu zote mbili zikiwa zimekwisha pamoja na miguu, tafuta ukuta mwingine, kwa sababu kuujenga upya kutoka vipande ni kazi inayowashinda wengi, na kioo hakitakaa sawa tena.

Hilo lingekuwa Peugeot 504, kama zile zilizokuwa zikipakia abiria kati ya Nakuru na Kisumu, tungekuambia mambo mengine kabisa. Ile haina chesi ya pekee yake. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango na minara ya springi za mbele ndivyo uti wa mgongo wake, na kutu ya kiwango cha gari lako ingekuwa hukumu.

Turudi kwa huyo wa 85,000. Bei si tatizo, tatizo ni maneno mawili: "viraka kote" na "lami". Kiraka kikiwekwa juu ya kutu hushika chuma kilichokufa, na kati ya mabamba mawili maji hupata nyumba. Lami juu yake huzuia macho yako yasione, wala haizuii kutu. Kazi ya haki inakwenda hivi. Eneo hukatwa kwa grinda mpaka chuma kiwe na unene kamili. Bamba jipya la milimita 2 huenda sentimita 5 ndani ya chuma kizima kila upande, na ncha zake hukatwa kwa mshazari. Mshono ulionyooka wima kwenye mhimili ndipo chesi inapopasukia baadaye, mwulize kuhusu hilo uone anajibu nini. Akitumia rodi za kuchomelea, ziwe za milimita 2.5 kwa takriban ampea 70. Rodi za 3.2 hutoboa bamba jembamba, kisha anajaza mashimo kwa madonge yanayoonekana imara na hayana nguvu. Achomelee sentimita mbili tatu, ahame, arudi, la sivyo joto litapinda chesi. Asikate pande mbili kwa wakati mmoja, na bodi ikae juu wakati wa kukata ili ishikilie vipimo.

Betri na nyaya za altaneta zifunguliwe kwanza. Tangi la petroli litolewe kabisa lipelekwe mbali. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Kabla boksi halijafungwa, ndani ya bamba ipakwe praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa. Baada ya kupoa, nje ipigwe praima nyekundu kisha rangi, na ndani inyunyizwe nta au mafuta mazito ya giaboksi kupitia matundu. Oili chafu ya injini inayopendwa mtaani ina asidi na hula mpira wa bushi. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, yasipungue milimita 10. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ya geji 14, karibu kilo 47, itatosha mikono na viraka vya gari kama lako. Inunue wewe mwenyewe, umpe kazi tu. Halafu mlipe kwa hatua, na kila shimo ulione likiwa limekatwa wazi kabla halijafunikwa.

Kuna jambo moja la kumwambia kabla hajawasha grinda. Namba ya chesi imegongwa kwenye kishikio cha springi cha mbele, upande wa kulia, mahali ambapo kutu hupenda. Wachomeleaji hukata kipande hicho na kukitupa, kisha gari halina kitambulisho na maelezo yako polisi hayatasikilizwa. Isugue taratibu kwa brashi ya waya, ipige picha, ilinganishe na logbuku na kibati kilicho ndani ya gari, na ulinganishe namba ya injini pia, kwa sababu Landi nyingi zimebadilishwa injini bila kuandikishwa. Ukilazimika kuhamia chesi nyingine, mabadiliko hayo huombewa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari hukaguliwa, kwa hiyo chesi ya kununua iwe na karatasi zake.

Injini isikutishe. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya hidroliki kila silinda, acha wiki nzima, kisha jaribu kuzungusha kwa hendeli ya mbele. Usivute gari kuiwasha kwa nguvu, utavunja ringi. Giaboksi iliyokuwa inalia, mwaga oili yake kwenye beseni safi. Unga wa rangi ya shaba ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma vinavyonata kwenye sumaku ni beringi au meno. Boksi kuu la gia hubeba lita 1.5 na lile la pili, linalogawa nguvu kwa ekseli mbili, lita 2.5 za oili ya EP90. Ikimwaga pungufu sana, sababu ya kelele umeipata. Breki zote za gari lililokaa tangu 2011 hesabu ni mpya: silinda za magurudumu, mipira, mabomba. Zile tufe za kromu kwenye ekseli ya mbele, kama zina vishimo vya kutu, zitakula sili na kumwaga oili daima. Tairi tano za 7.50-16 nazo hesabu ni mpya, hata kama zina meno. Rilei ya usukani, inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, iliyo ndani ya krosi ya mbele huwa imegandamana na kutu, na kuitoa ni vita. Andika yote, jumlisha na kazi ya chesi, kisha ongeza theluthi moja. Tarakimu hiyo ndiyo uiweke mbele ya ndugu zako, na mwelewane mapema kwamba ukiiuza baada ya hapo huenda isirudi yote. Kwa gari la kubeba mbolea na la mama, hilo si hoja, ila mtu asidhani ni biashara.

Wala usilipe shilingi ya kuchomelea kabla ya karatasi. Gari ni mali ya marehemu, na wewe wala ndugu zako hamna mamlaka ya kuliuza au kulihamisha kabla mahakama haijatoa usimamizi wa mirathi na kuuthibitisha. Anzieni kwa barua ya chifu. Kwenye mtandao wa NTSA tafuta rekodi ya gari uone kama jina na namba zinalingana na logbuku. Ukiweka pesa yako pekee kwenye gari la familia, makubaliano yaandikwe, ndugu wote na mama watie sahihi: gari ni la nani, na kila mmoja anafidiwa vipi.

Na ikiwa nyundo itakuambia chesi imekufa, bado usimpe huyo wa 60,000. Yeye anapima kilo. Ekseli mbili, injini inayozunguka, boksi la pili, milango, bonati, kitanda cha nyuma cha alumini na springi, kila kimoja kina mwenye Landi anayekitafuta kati ya Kitale na Njoro. Uza vipande, mabaki ya chesi ndiyo yaende kwa kilo, tena kwa mfanyabiashara mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na uombe NTSA ifute usajili, ili namba ya mzee isije ikaonekana siku moja kwenye gari usilolijua.